Gettysburg mezani: mchezo wa ubao ambao amri huchelewa njiani

Anayecheza drafti kwa vifuniko vya soda pale stejini amezoea kwamba kete ukiisogeza, imesogea. Seti hii ya vita vya Gettysburg (Julai 1 hadi 3, 1863, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani), inayouzwa Sh4,800 katika duka moja la vitabu katikati ya Kisumu, inamnyima mchezaji raha hiyo. Na hapo ndipo inapowashinda wenzake wote walioko rafuni.

Zamu moja ni nusu saa ya vita. Jenerali Meade wa Kaskazini (jeshi la serikali ya Marekani) au Jenerali Lee wa Kusini (majimbo yaliyojitenga) anaandika amri kwenye kikaratasi. Inashuka kwa kamanda wa kikosi kikuu, kisha divisheni, kisha brigedi. Kila ngazi hurushiwa dadu: 4 kwenda juu imefika, chini ya hapo mjumbe bado yuko njiani na farasi wake. Rejimenti, kikosi kidogo ndani ya brigedi, haisogei peke yake. Ukiagiza kilima kitwaliwe leo saa kumi, usishangae brigedi ikianza kupanda saa kumi na moja unusu, adui ameshajichimbia.

Ukifungua boksi utadhani Kaskazini imependelewa: vikosi vikuu 7 vya askari wa miguu dhidi ya 3 vya Kusini (Longstreet, Ewell na A. P. Hill). Sivyo. Kikosi kikuu kimoja cha Lee kilikuwa na watu karibu mara mbili ya kimoja cha Meade, kwa hiyo Lee anatuma amri chache kwa wanaume watatu tu, lakini mmoja akisitasita, theluthi ya jeshi imelala. Amri ya Lee kwa Ewell jioni ya Julai 1, atwae kilima cha Cemetery Hill ikiwezekana, imewekewa kadi yake: Ewell hurusha dadu kuamua kama "inawezekana". Kadi bora kuliko zote.

Kete za Kaskazini zina beji halisi za vikosi vikuu: duara la Kikosi cha 1, mwezi mwandamo wa cha 11, nyota ya cha 12. Nyekundu ni divisheni ya kwanza, nyeupe ya pili, buluu ya tatu. Ukishazoea, husomi tena maandishi.

Tazama brigedi ya Vincent, kamanda wa Kaskazini, pale kwenye kilima cha Little Round Top: rejimenti 4, yaani 20th Maine, 83rd Pennsylvania, 44th New York na 16th Michigan. Vincent akipigwa risasi, unageuza kete yake na Kanali Rice wa 44th New York anashika usukani, lakini brigedi inapoteza zamu nzima. Hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa.

Kasoro kubwa ni idadi. Mtunzi ameipa kila rejimenti watu 1,000, kombania 10 za watu 100. Hiyo ni ya kwenye makaratasi. Kufikia 1863 nyingi zilibaki na 300 au 400. 20th Maine yenyewe haikufika 400. Gawanya nguvu zote kwa 3, la sivyo mistari inakuwa mirefu hadi haitoshei kwenye ramani.

Ya pili: kanuni inataka kila shambulio liwe la kikosi kikuu kimoja. Basi shambulio kuu la Kusini la Julai 3 haliwezekani kabisa, maana Longstreet ndiye aliyeliongoza ilhali brigedi 6 kati ya 9 za mstari mkuu zilikuwa za Hill. Ruhusu mchanganyiko, ila brigedi za kuazimwa zihitaji 5 kwenda juu.

Kabla ya kutuma M-Pesa, hesabu kete za mizinga. Boksi nyingine hupungukiwa. Kundi moja la mizinga (betri) la Kaskazini lina mizinga 6, la Kusini mara nyingi 4. Zima feni ya dari au tandika plastiki nzito juu ya ramani, kwa sababu kete ni karatasi nyepesi. Siku tatu zote huchukua takriban saa 9. Anza na ramani ndogo ya Julai 2 mchana: kwa saa mbili unaona Sickles, kamanda wa kikosi kikuu kimoja cha Kaskazini, akisogeza kikosi chake mbele bila ruhusa, na Meade akihangaika kuziba pengo.