Nilivyosomewa dasha zangu Mombasa: kwanza saa ya kuzaliwa, sayari baadaye

Dasha zangu nimezisoma kwa programu ya simu inayouza ripoti, kwa programu ya bure ya kompyuta, na kwa mzee mmoja wa Kigujarati hapa Mombasa aliyeirithi kazi hii kwa babake. Nitaeleza zote, ila niseme mapema kwamba pesa niliyompa yule mzee ndiyo naiona ilienda pazuri. Na kilichonikosha kwake si utabiri.

Kwa ambaye hajawahi kukutana na mambo haya: unajimu wa Kihindi, ambao wenyewe huuita Jyotish, hauishii kwenye tabia za mtu na burji yake kama zile kurasa za magazetini. Unaugawa umri wako katika vipindi viitwavyo dasha, na kila kipindi kina sayari inayokishika. Kipindi kikubwa ni mahadasha. Mfumo unaotumika zaidi ni Vimshotari, na mzunguko wake mzima ni miaka 120: Ketu miaka 7, Zuhura 20, Jua 6, Mwezi 10, Mirihi 7, Rahu 18, Mshtarii 16, Zohali 19, Utaridi 17, kisha unarudi kwa Ketu. Rahu na Ketu hazionekani angani. Ni zile sehemu mbili ambapo njia ya mwezi hukatana na njia ya jua, na ndiyo maana kupatwa kwa jua na mwezi hutokea karibu nazo.

Unaanzia wapi katika mzunguko huo? Hapo ndipo pana kazi. Mbingu imegawanywa nakshatra 27, kila moja nyuzi 13 na dakika 20. Wanaojua falaki ya kwetu pwani watakumbuka manazili 28 za mwezi. Mambo haya yana udugu. Mwezi hukaa katika nakshatra moja kwa muda wa siku moja hivi, na kila nakshatra ina sayari yake. Ukizaliwa Mwezi ukiwa Rohini, unaanza na dasha ya Mwezi, ambayo ni ya miaka 10. Lakini huipati yote. Kama Mwezi ulikuwa umeshapita asilimia 40 ya Rohini, umebakiwa na miaka 6 tu, kisha inaingia Mirihi. Hiyo ndiyo hati yangu ya nyota mimi, mzaliwa wa 1981: Mwezi hadi 1987, Mirihi hadi 1994, Rahu hadi 2012, Mshtarii hadi 2028, halafu Zohali mpaka 2047.

Sasa piga hesabu. Kwa kuwa Mwezi hupita nakshatra nzima kwa takriban saa 24, kosa la saa moja katika saa ya kuzaliwa ni kosa la karibu miezi mitano kwa mtu anayeanza na Mwezi, na miezi kumi kwa anayeanza na Zuhura. Sisi watu wa huku tunaandika saa kwa Kiswahili.

Marehemu baba aliandika kuzaliwa kwangu kwenye daftari lake la mahesabu ya duka: tarehe, halafu "saa 3:40, usiku wa kuamkia Jumatano". Baadaye, tarehe ikiwa imeshasahihishwa kama nitakavyosimulia, nikaijaribu ile programu ya simu kwa makusudi. Nilipoingiza 3:40 AM, kama ambavyo mtu asiyejua angeisoma, iliniambia Mwezi ulikuwa Krittika na Mshtarii yangu imeanza 2018. Nilipoingiza 9:40 PM ikasema Rohini, na Mshtarii 2012. Miaka sita kati ya jibu na jibu, na ripoti zote mbili zimeandikwa kwa uhakika ule ule, zenye sifa na maonyo yale yale, huku mwisho wa kila moja pana kitufe cha kununua jiwe la kuvaa la kutuliza sayari. Hakuna mahali ilipouliza kama nina hakika na saa yangu. Kwa huduma inayotoza pesa, hilo ni pungufu kubwa, na kwa mtu wa Afrika Mashariki ni kubwa maradufu.

Kwa yule mzee nilipelekwa na jirani yangu wa dukani, mtaa wa Biashara, ambaye alimtumia kulinganisha hati za bintiye na mchumba kabla ya harusi. Anakaa ghorofani, chumba kidogo chenye meza ya mbao, kalenda ya Kigujarati ukutani na kompyuta ya zamani. Watu wote humwita Maharaj, nami nikamwita hivyo hivyo. Nilimkabidhi lile daftari lenyewe. Akavaa miwani, akalisoma mstari kwa mstari, kwa Kiswahili, maana huyu ni mzaliwa wa hapa hapa.

"Hii saa tatu na dakika arobaini ni saa yetu au ya Kizungu, binti yangu?"

"Saa yetu, Maharaj. Baba hakuwahi kuandika nyingine."

"Sawa. Na usiku wa kuamkia Jumatano. Hii tarehe aliyoweka ni ya Jumanne au ya Jumatano?"

Hapo ndipo nilipokaa vizuri kitini. Kwetu siku huanza jua linapotua; usiku wa Jumanne umeshakuwa wa Jumatano. Baba angeweza kuandika tarehe yoyote kati ya hizo mbili na asiwe amekosea. Lakini kalenda ya kompyuta hubadilisha siku saa sita usiku. Maharaj akaniambia kama kuna mtu aliyekuwepo na yu hai nimpigie pale pale. Nikampigia shangazi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Kwema?"

Nikamweleza. Hakusita. Mamangu alijifungua baada ya Isha, siku ya Jumanne, na kulipokucha Jumatano babangu ndiye aliyezunguka nyumba za jamaa kutoa habari. Maharaj akafungua kalenda ya 1981: tarehe ya daftarini ilikuwa ya Jumatano. Akairudisha nyuma siku moja, kisha akanionyesha kwenye kioo ambavyo ingekuwa tusingeuliza. Mwezi ungeangukia Mrigashira, ningeanza maisha na Mirihi badala ya Mwezi, na ningehesabiwa nimo ndani ya Zohali tangu 2019. Mahadasha nzima tofauti, kwa sababu ya jua kutua.

Hii ndiyo huduma niliyoilipia, na ndiyo ninayoisifu. Shilingi elfu tatu, na sehemu kubwa ya kikao iliishia kwenye kuthibitisha saa kabla hajatamka neno moja juu ya maisha yangu. Pia hakunificha kwamba wanajimu wenyewe hawakubaliani. Yeye, katika kuamua nyuzi za mbingu zianze kuhesabiwa wapi, hutumia kipimo cha Lahiri, ambacho serikali ya India ilikichukua katika kalenda yake ya taifa miaka ya 1950. Wapo wanaotumia kipimo cha Raman, kilichopishana nacho karibu nyuzi moja na nusu, na kwa hati yangu hiyo ni tofauti ya zaidi ya mwaka. Wapo wanaohesabu mwaka wa dasha kuwa siku 360 badala ya 365 na robo. Kwa umri wangu, hapo tena pana tofauti ya miezi saba au zaidi. Na kuna mifumo mingine kabisa, kama Ashtotari ya miaka 108 na Yogini ya miaka 36. Aliyekuambia kuwa tarehe fulani jambo fulani litakufika, muulize anahesabu kwa mwaka upi.

Tukaingia kwenye usomaji wenyewe. Alisema Rahu, iliyonishika kuanzia umri wa miaka 13 hadi 31, humpeleka mtu ugenini na kumtia hamu ya vitu ambavyo kwao havipo. Sikuwa nimemwambia kwamba nilikwenda Muscat kushona nguo na kurudi mwaka mmoja kabla ya Rahu kwisha. Nilisisimka, sitadanganya. Lakini nyumbani nilipotulia nikajiuliza: ni familia gani ya pwani isiyo na mtu aliyewahi kutafuta riziki Ghuba? Ukisema "ugenini" mbele ya mtu wa Mombasa mwenye umri wangu, umeshapatia nusu ya watu.

Kila mahadasha hugawanywa tena katika antardasha tisa, kwa uwiano ule ule. Mshtarii ni miaka 16 na Zuhura 20, basi Zuhura ndani ya Mshtarii ni 16 mara 20 gawa kwa 120, yaani miaka miwili na miezi minane. Kwangu kipande hicho kilianza mwishoni mwa 2019 hadi katikati ya 2022. Vitabu vyao vinazihesabu sayari hizi mbili kuwa za heri. Mimi ndani ya kipande hicho nilimzika baba na kufunga duka kwa ajili ya korona. Nilimweleza Maharaj wazi wazi. Akasema Zuhura katika hati yangu inashika nyumba (sehemu ya hati) isiyo na heri, kwa hiyo matunda yake hugeuka. Sikuridhika, na nikamwambia sikuridhika. Ufafanuzi unaopatikana baada ya jambo kutokea unaweza kuelezea jambo lolote. Hakukasirika, alisema hati husomwa kama ramani na njia anayeitembea ni mtu.

Upande huu nataka msomaji aupime kwa uzito wake. Mwaka 2008, mwanafizikia wa anga Jayant Narlikar na wenzake huko Maharashtra waliwapa wanajimu 27 hati za watoto, kila mmoja hati 40, wabainishe yupi ni mwanafunzi hodari na yupi ana ulemavu wa akili. Kwa wastani walipatia asilimia 46, chini kidogo ya kurusha sarafu. Jaribio lile lilihusu hati ya kuzaliwa wala halikugusa vipindi vya dasha, lakini mimi linanitosha kunizuia kuamua ndoa, matibabu au mkopo kwa sababu ya sayari. Na Waislamu wenzangu mnajua wanazuoni wanavyosema juu ya kuagua. Sikwenda kutafuta habari ya ghaibu; nilikwenda kwa sababu maisha yangu sikuwahi kuyaona yamepangwa kwa miaka kwenye karatasi moja.

Na hapo faida niliiona. Kukaa na orodha ya vipindi na kuandika pembeni nilikuwa wapi, nikifanya nini, nikiishi na nani, kulinifanya nikumbuke mambo niliyokuwa nimeyapitia haraka. Tazama habari ya Zohali. Mahadasha yake kwangu inaingia 2028. Wakati huo huo itakuwa imeanza Sade Sati, ile miaka saba na nusu ambapo Zohali hupita burji ya kabla ya Mwezi wako, kisha burji ya Mwezi wenyewe, kisha ya baada yake. Wengi huchanganya haya mawili. Dasha inatokana na nakshatra ya kuzaliwa. Sade Sati inatokana na mwendo halisi wa Zohali angani, ambayo huzunguka jua kwa takriban miaka 29 na nusu, basi kila mtu huipata, na hurudi kila baada ya miaka karibu 30. Ile programu ya simu iliyaunganisha kwa herufi nyekundu na kunipendekezea yakuti ya samawati ya bei ya pikipiki.

Maharaj aliniuliza swali moja tu: "Sade Sati yako iliyopita ilianza 1998 na kwisha karibu 2005. Miaka ile ulikuwa unafanya nini?"

Nilikuwa najifunza kushona. Nilikaa chini ya fundi mkali, nikifagia vipande na kufumua mishono ya wengine, bila mshahara mwanzoni. Ilikuwa miaka mizito kweli, na kila shilingi ninayoingiza leo ina mzizi wake pale. Akasema basi ndivyo Zohali inavyosomwa: kazi, subira, deni lisizidi uwezo, magoti yaangaliwe, na wanaokufanyia kazi walipwe kwa wakati. Nilipomuuliza juu ya jiwe akasema hauzi mawe wala hapendekezi duka.

Mtu wa kutaka ahadi za haraka atachoka naye, na kwa anayeumwa au aliye katika kesi simshauri. Aende hospitali na kwa wakili. Asiyejua saa yake ya kuzaliwa asipoteze nauli, kwa kuwa Maharaj mwenyewe atamrudisha. Ukitaka kujihesabia kwanza, programu ya kompyuta ya Jagannatha Hora, aliyoitengeneza P.V.R. Narasimha Rao, ni ya bure, inatumia Windows, na hukuruhusu kubadilisha kipimo cha nyuzi na urefu wa mwaka ukaona kwa macho yako tarehe zinavyohama. Sura yake si ya kupendeza na mwanzoni utababaika na majina ya Kisanskriti, lakini haikufichi kitu. Saa zote geuza kabla ya kuingiza, na kama ulizaliwa baada ya Magharibi, tafuta mzee wa ukoo akuambie ilikuwa usiku wa siku gani.