Bayi na Simbu: Kuongoza Mapema au Kusubiri Mwisho

Alfajiri, kabla daladala hazijajaa barabarani, vijana wanaofanya mazoezi nje kidogo ya Arusha hugawanyika makundi mawili: wanaochomoka mapema, na wanaojibanza nyuma ya migongo ya wenzao. Kila kundi lina bingwa wa kumtaja.

Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, alikuwa wa kuchomoka. Mwaka 1974, huko Christchurch, aliongoza mbio za mita 1,500 za Michezo ya Jumuiya ya Madola tangu mwanzo hadi utepe, akaweka rekodi ya dunia ya 3:32.2, huku John Walker wa New Zealand, aliyekuwa akimfukuzia kwa nguvu zote, naye akimaliza chini ya rekodi ya zamani. Gharama ya mtindo huo ilionekana kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, ambako katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji alinaswa na Bronisław Malinowski wa Poland mzunguko wa mwisho, akaambulia fedha.

Alphonce Simbu, Mtanzania mwenzake, alingoja. Katika marathoni ya Mashindano ya Dunia ya Riadha huko Tokyo, Septemba 2025, alimpita Amanal Petros wa Ujerumani kwenye hatua za mwisho kabisa; wote waliandikiwa 2:09:48, na kilichowatenganisha ni sekunde 0.03, yaani kifua tu.

Mbio zenyewe ni tofauti, nakiri. Kwa marathoni ningechagua njia ya Simbu, ila asiye na kasi ya kumalizia heri aondoke mapema kama Bayi, akijua kwamba mita 100 za mwisho atazikimbia miguu ikiwa imekwisha.