Kipimo cha bega cha Hornady kwa maganda yanayojazwa upya

Nchini Marekani, ambako kujaza upya maganda ya risasi nyumbani ni jambo la kawaida kwa wawindaji, mtu hununua presi (mashine ya kusukumia ganda), dai (kalibu ya chuma inayolirudishia ganda umbo) na mizani ya baruti siku moja. Kipimo cha bega la ganda, yaani mteremko linapopungua kuelekea shingoni, hukikumbuka baadaye sana. Sisi tungekinunua pamoja na dai. (Kenya na Tanzania mambo ni mengine: bila kibali huruhusiwi kutengeneza risasi, basi haya ni ya walioko Marekani.)

Lock-N-Load Headspace Comparator ya kampuni ya Hornady, ya Grand Island, Nebraska, ni kifaa chepesi: mwili wa alumini nyekundu unaobanwa kwa skrubu kwenye taya moja ya kalipa (kipimio cha taya mbili), na bushi tano, yaani pete, zenye tundu la inchi 0.330, 0.350, 0.375, 0.400 na 0.420. Unachagua inayokaa katikati ya mteremko wa bega: 0.330 kwa .223 Remington, 0.375 kwa .30-06, 0.400 kwa .308 Winchester. Kalipa haimo, na kuna seti zinazouzwa bila mwili. Soma pakiti kabla ya kulipa.

Kwa nini bega? Pini ikigonga fataki (kiwashio kilichomo kitakoni), ganda husukumwa mbele mpaka bega ligote kwenye chemba, yaani tundu la bunduki linamokaa ganda. Baruti ikiwaka, kuta nyembamba za ganda hung'ang'ania chemba, ila kitako kinene hakishikiki. Kinarudi nyuma hadi kiguse uso wa bolti, chuma kinachofunga chemba kwa nyuma. Shaba iliyo juu kidogo ya kitako ndiyo inayovutika. Ukilisukuma bega kupita kiasi wakati wa kulirudishia ganda umbo, safari hiyo ya kitako inakuwa ndefu, na kila unapopiga shaba inazidi kuwa nyembamba palepale. Siku moja ganda linakatika vipande viwili, na gesi ya moto inatafuta njia ya kurudi kwa mpigaji.

Maelekezo ya dai nyingi husema: shusha dai iguse kishika ganda, kisha ongeza robo mzunguko au pungufu yake. Piga hesabu. Uzi wa dai za kawaida una mizunguko 14 kwa inchi, hivyo mzunguko mmoja ni milimita 1.81 na robo yake ni 0.45. Sehemu yake humezwa na kunyumbuka kwa presi, sawa, lakini bunduki ya bolti inataka bega lirudi 0.03 hadi 0.05 tu, na ile inayojipakia yenyewe kama 0.08 hadi 0.10. Milimita 0.05 ni nyuzi 10 tu kati ya 360 za mzunguko mzima. Ukichora mstari wa kalamu kwenye dai na kwenye presi, nyuzi hizo zinaonekana kama hatua ya milimita 2 hivi. Kwa jicho tu, bila kipimo, huko ni kubahatisha.

Matumizi yenyewe ni haya. Toa fataki kwanza, kwa dai ya kutolea fataki tu isiyogusa bega. Fataki iliyochomoza inaongeza urefu na kukudanganya. Funga bushi, kutanisha taya, bonyeza sifuri. Pima maganda matano hadi kumi yaliyopigwa na bunduki yako mwenyewe, na ushike namba ya lile refu kuliko yote, kwa kuwa ganda lililopigwa mara moja huenda halijajaza chemba sawasawa. Paka mafuta kidogo mwilini mwa ganda, si begani, maana yakijikusanya pale yanabonyeza shaba. Anza na dai ikiwa juu, pitisha ganda moja, lifute, pima, shusha dai kidogo, rudia mpaka namba iwe chini ya ile uliyoishika kwa kiasi kilichotajwa juu. Namba zikiyumba kati ya ganda na ganda ilhali dai haijaguswa, shaba imekuwa ngumu na inaruka kurudi: yapashe moto shingo na bega, au uyastaafishe.

Kasoro? Ukingo wa bushi haulingani kabisa na ule wa vipimo rasmi, hivyo namba unayoisoma ni ya kulinganisha tu. Usiichukue kuamulia kama chemba ya bunduki ni salama. Hiyo ni kazi ya geji za chuma na fundi bunduki. Ganda nalo hulala upande kirahisi. Lizungushe taratibu huku ukibana kwa wepesi uleule.

Kuna mengi kifaa hiki hakiyaoni. Urefu mzima wa ganda upime kando: la .308 lisizidi milimita 51.18, na hukatwa hadi 50.93. Kiasi cha baruti hutoka kwenye kitabu cha mtengenezaji wake, ukianzia kiwango cha chini, kopo moja tu likiwa mezani.

Na ule mfereji wa ndani, mahali shaba inapoanza kukatika, utafute kwa waya mwembamba uliokunjwa ncha kama ndoana. Uburute kutoka chini kupanda juu ukigusa ukuta. Ukikwama juu kidogo ya kitako, liminye ganda hilo kwa koleo na ulitupe, hata kama bega lake limepimwa likawa sawasawa.