Uzoefu wangu: kufuata daktari wa meno Los Algodones, Mexico

Jino lililonipeleka Mexico ni gego la chini, upande wa kushoto. Lilianza kwa kunikataza chai ya moto, likaishia kunikataza usingizi. Daktari hapa Phoenix, Arizona, alilipiga picha, akasema mzizi umeoza: inabidi usafishwe, kisha jino livishwe kofia. Karatasi ya bei niliyopewa mapokezi ilisema dola 2,850. Mimi nalea wazee kwenye makao, na bima yangu ya kazini haina habari na meno. Niliikunja ile karatasi, nikaitia mkobani, nikampigia wifi yangu.

Wifi ndiye bingwa wa safari hizi. Miwani zake zote ni za kule. Akaniambia, "Mwezi mzima unalia na jino, na Mexico iko pale? Tafuta paspoti yako, Jumanne twende."

Kwa asiyepajua, Los Algodones ni mji mdogo wa jimbo la Baja California, kwenye pembe ambapo Arizona, California na Mexico zinakutana kando ya mto Colorado. Huo ndio mji wa Mexico ulio kaskazini kuliko yote. Wakazi wake ni elfu chache, lakini madaktari wa meno ni mia kadhaa, wengi wao wamebanana kwenye mitaa michache iliyo hatua mbili tatu kutoka mpakani. Wamarekani wamepabandika jina la Molar City, mji wa magego.

Kutoka Phoenix ni mwendo wa kama saa tatu, unapita Gila Bend kisha jangwa tupu mpaka Yuma. Tuling'oa nanga saa kumi alfajiri, mwezi wa Januari, na kosa letu la kwanza likawa la saa. Arizona haibadilishi saa zake mwaka mzima, ilhali Algodones wanafuata saa za California, kwa hiyo majira ya baridi wao wako nyuma yetu kwa saa moja. Tulifika tukidhani ni saa moja na nusu, kumbe kwao ni kumi na mbili na nusu. Kivuko kilikuwa ndio kwanza kimefunguliwa, na kliniki ilikuwa inafungua saa mbili. Ukienda wakati wa joto saa zinalingana, lakini wakati huo jua la kule halina huruma.

Gari liache upande wa Marekani. Bima ya huku haikulindi Mexico, na foleni ya magari sikuitamani hata kwa macho. Kuna uwanja mkubwa wa kuegesha unaoendeshwa na Waquechan, wenyeji wa asili wa ardhi ile. Tulilipa dola 10, tukavuka kwa miguu.

Kuingia Mexico kulichukua muda mfupi kuliko kuingia benki. Mkoba ukapita kwenye mashine, afisa akaitazama paspoti yangu, akanirudishia, basi. Nilibaki nimesimama pale mpaka wifi akanivuta mkono. Mimi ni mzaliwa wa Kisauni, Mombasa. Nimewahi kulala kwenye basi la Nairobi na faili la viza kifuani, barua za mwajiri, barua za mjomba, mpaka hati ya kiwanja, nikanyimwa mara mbili kwa maneno yasiyofika kumi. Leo kitabu cha buluu cha Marekani kinafungua geti hata swali siulizwi. Sikujua nicheke au nifanye nini.

Ukitoka tu getini, unapokewa na wapiga debe. Kama umewahi kushuka stendi ya Mwembe Tayari na begi mkononi, hutababaika. Tofauti ni kwamba hawa hawaiti abiria wa Malindi, wanaita meno. "Daktari wa meno, mama? Miwani? Dawa?" Wenyewe wanaitwa jaladores, wavutaji, na wanalipwa kwa kila mteja wanayemfikisha. Hawana ubaya, ila usimfuate yeyote kabla hujaamua kliniki yako. Mmoja alitusindikiza mtaa mzima akizungumza Kiingereza kilichonyooka kuliko changu. Wifi akamuuliza amejifunzia wapi. Akasema Fresno, California, alikaa miaka 17 kabla ya kurudishwa kwao, na watoto wake wangali huko. Alilisema jambo hilo kwa sauti ile ile aliyotumia kututangazia bei ya kusafisha meno. Hatukuwa na jibu. Wifi alimnunulia kahawa.

Sasa kliniki. Nilikuwa nimeweka miadi kwa simu wiki moja kabla, kwenye kliniki anayotibiwa mfanyakazi mwenzangu. Nje pana rangi imebambuka kidogo, na nilipata wasiwasi. Ndani pang'avu, pana mashine mpya kuliko za yule aliyeniandikia dola 2,850. Daktari alikuwa mama wa makamo, ana mikono myepesi. Alipiga picha upya, hakutaka ya Phoenix, akanionyesha kwenye skrini weusi ulipofika. Akaniandikia bei kwenye karatasi kabla ya kugusa chochote: dola 260 kusafisha mzizi, 390 kofia. Sindano ya ganzi sikuisikia. Nimechomwa ganzi mara nyingi maishani, na hii naihesabu kuwa miujiza.

Mzizi ulichukua saa mbili. Baadaye walipitisha kifaa kama kalamu nene mdomoni, sura ya jino ikatokea kwenye kompyuta, na nyuma ya kioo mashine ikaanza kuichonga kofia kutoka kwenye kipande cheupe. Niambieni ni fundi gani anakuonyesha kazi yake namna hiyo. Wakasema rudi saa saba na nusu.

Hapo ndipo tukapata nafasi ya kuuona mji, ingawa hauna mengi ya kuonwa: maduka ya miwani, famasi, mablanketi, mikoba ya ngozi, na wazee wa Kimarekani na wa Kikanada waliokimbia theluji, wanatembea polepole kwa bakora zao. Kilichonishangaza ni chakula. Mabango yote yameandikwa "tacos", na Mswahili hawezi kulisoma neno hilo kwa sauti bila kumtazama mwenzake. Wifi anaagiza bila haya: "Nipe tako mbili za samaki." Mimi nusu ya mdomo imekufa ganzi, nacheka kwa upande mmoja.

Lakini ukiacha mzaha, palinikumbusha nyumbani. Mzee mmoja anachoma mahindi, anayapaka ndimu na pilipili ya unga. Mama mwingine anauza embe lililokatwakatwa kwenye kikombe, nalo lina ndimu, chumvi na pilipili, ukifumba macho uko Lighthouse jioni. Na kinywaji wanachokiita agua de tamarindo ni juisi ya ukwaju, si kingine. Niliinywa kwa mrija. Ndugu Waislamu, onyo moja: maharage yao mara nyingi huungwa kwa mafuta ya nguruwe. Uliza "manteca?" kabla hujala. Samaki na kamba wapo tele.

Jambo lililonikera ni famasi. Daktari aliniandikia dawa ya kuzuia usaha na ya maumivu, zote za kawaida. Famasi ya kwanza, iliyo karibu na geti, ilitaja bei kwa dola, na nilipotoa noti ya 50 nikarudishiwa chenji ya peso kwa kiwango walichojitungia wenyewe. Nilipouliza, kijana wa kaunta akanionyesha vidonge vingine vya maumivu, vikali, na kunong'ona kwamba havihitaji cheti. Tuliomba hela yetu tukatoka. Mwaka 2023 wizara ya mambo ya nje ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu vidonge bandia vinavyouzwa kwenye famasi za Mexico, vingine vina fentanili, dawa kali ya maumivu inayoweza kuua. Kitu cha kunong'onezewa usikimeze. Famasi ya mtaa wa pili ilitupa dawa zile zile kwa karibu nusu ya bei, na risiti juu.

Saa saba na nusu kofia ilivishwa, nikalipa taslimu kwa sababu kadi huongezwa asilimia, na saa nane na robo tukaenda kupanga foleni ya kurudi.

Hiyo foleni ndiyo bei ambayo haiko kwenye karatasi yoyote. Ilifuata uzio, ikakunja kona, ikapita mbele ya maduka. Tulisimama saa mbili na dakika kumi. Wazee wa miaka themanini wamesimama, wengine wamefunga mdomo kwa pamba, wachuuzi wanapita na bangili, mtoto anauza pipi za kutafuna kwa watu waliotoka kung'olewa meno. Wifi alilazimika kumaliza embe lake humo humo, kwa sababu matunda mengi hayaruhusiwi kupita.

Katika kusimama huko nikafungua simu kuusoma mji, na kumbe jina lake rasmi ni Vicente Guerrero. Guerrero alikuwa rais wa Mexico mwenye asili ya Kiafrika, na ndiye aliyefuta utumwa nchini humo mwaka 1829. Pwani kwetu Kenya ulifutwa kisheria mwaka 1907. Nikamsomea wifi. Akatazama foleni yote, kuanzia mwanzo hadi mwisho, akasema, "Na hakuna hata sanamu yake hapa, wamejaza picha za magego tu." Labda ipo mahali, sisi hatukuiona.

Afisa wa Marekani aliniuliza nilikwenda kufanya nini. Nikafungua mdomo nimwonyeshe. Akanipungia mkono nipite.

Ningewapa nyota tano kama hadithi ingeishia hapo. Baada ya siku kumi niligundua kofia iko juu kidogo, nikiuma chapati inagonga kabla ya meno mengine. Nilimpigia daktari, akasema njoo, ni bure, dakika tano. Kweli zilikuwa dakika tano. Ila dakika tano hizo zilinigharimu mafuta ya gari, siku ya kazi, na foleni nyingine. Kliniki ya hapa Phoenix haikutaka kuligusa jino lililotengenezwa na mwingine. Kwa hiyo kabla hujatoka kwenye kile kiti, ing'ate mara tatu ile karatasi ya rangi wanayopimia meno yanavyogusana, usione haya, na usikubali kuambiwa "utazoea". Ganzi inadanganya. Natoa nyota nne.

Nimeulizwa sana kuhusu karatasi za kuvukia mpaka. Raia wa Marekani, beba paspoti. Mwenye grinikadi, beba kadi pamoja na paspoti ya nchi yako, zote ziwe hai. Na kama kesi yako ya kuomba hifadhi Marekani bado iko mahakamani, tafadhali usivuke hata kama jino linakuua. Kwenda ni hatua ishirini, lakini kurudi si ahadi ya mtu yeyote. Kivuko hufungwa saa nne usiku, ingawa mji wenyewe huanza kulala mapema sana, alasiri maduka mengi yanateremsha milango.

Mwezi wa Novemba nampeleka mama mkwe akatengenezewe meno ya bandia. Wifi amesema yeye atakuja, ila safari hii anabeba kigoda.