Vibanda vya njia ya Marangu: tathmini ya malazi Mlima Kilimanjaro, na sababu za kuyakataa magari ya nyaya

Marangu ndiyo njia pekee ya kupanda Mlima Kilimanjaro ambayo mgeni hulala ndani ya vibanda badala ya hema, na vibanda hivyo ni mali ya hifadhi ya taifa ya mlima huo. Nimevitumia, na ninavitathmini hapa kwa ajili ya wanaopanga safari. Wakati huohuo nataka wasomaji wavilinganishe na mradi wa magari ya nyaya, yaani vyumba vinavyobeba watu vikining'inia kwenye nyaya, ambao umekuwa ukizungumzwa tangu serikali ilipotangaza mwaka 2019 kwamba inaufikiria, na ambao ninaupinga kwa moyo wote.

Kituo cha kwanza ni Mandara, mita 2,720 juu ya usawa wa bahari, karibu na ukomo wa msitu wa mvua, ambako mbega huruka juu ya miti hatua chache kutoka mahali unapokula. Vibanda ni vya mbao, vidogo, na paa lake limeinama hadi karibu na ardhi. Ndani mna vitanda vyenye magodoro na taa ya umeme wa jua, na hamna kitu cha kupasha chumba joto, kwa hiyo begi zuri la kulalia ni lazima. Ukifika, mpagazi hukuletea maji ya moto ya kunawa, kisha chai na bisi katika jengo la kulia chakula, na baada ya kupumzika unaweza kutembea kidogo hadi kasoko ya Maundi. Anayetafuta anasa hataipata hapa. Anayehitaji mahali pakavu pa kulala, chakula cha moto na msitu usioguswa atavipata vyote.

Horombo, mita 3,720, ndicho kituo ninachokisifu zaidi. Wengi hukaa hapo siku ya ziada ili mwili uizoee hewa nyepesi, wakapanda hadi Miamba ya Pundamilia na kurudi kulala, na nafasi ya kufika kileleni huongezeka sana kwa mapumziko hayo. Tangu mwaka 2022 kuna intaneti iliyopelekwa na TTCL, shirika la umma la mawasiliano, na ninaitaja kwa makusudi, kwa kuwa wapo wanaodai kwamba sisi tunaopinga uwekezaji mkubwa hifadhini tunachukia kila maendeleo. Kasoro ya Horombo ni msongamano, kwani wanaopanda na wanaoshuka hukutana hapohapo, na katika miezi ya wageni wengi vyoo na meza za kulia hulemewa. Kibo, kwenye takriban mita 4,700, ni jengo la mawe lenye vyumba vya vitanda vingi. Hakuna chemchemi, hivyo maji hubebwa na wapagazi kutoka chini. Usingizi ni haba, na kwenye saa sita za usiku watu huanza safari ya kuelekea Gilman's Point, kwenye ukingo wa kasoko, na Uhuru, kilele chenyewe.

Ukinitaka nitaje kilicho bora katika huduma yote, nitataja watu. Mpagazi hupimiwa mzigo langoni ili usizidi kilo 20, nao mpishi na mwongozaji hupanda nawe hatua kwa hatua, wakikutazama kama unakula, kama kichwa kinauma, kama maneno yako yameanza kuvurugika. Kazi hiyo hulipia ada za shule, mbegu na mabati ya nyumba huko Marangu, Machame, Rombo na Moshi. Gari la nyaya litaajiri mafundi na wakata tiketi wachache, na fedha ya mgeni itapita juu ya vijiji bila kutua.

Tena gari hilo haliwezi kuelea hewani peke yake. Linahitaji nguzo, vituo, njia za kupitisha vifaa vya ujenzi na ukanda wa miti iliyokatwa ndani ya msitu ambao hunasa mvua na ukungu, ukalisha mifongo, yaani mifereji ya asili ya kumwagilia, ya Wachagga na mito inayoshuka hadi bwawa la Nyumba ya Mungu. Hapa lazima niseme juu ya ukanda wa msitu uitwao nusu maili. Ukanda huo wa msitu uliwekwa mwaka 1941 ili wananchi wa mlimani wapate kuni na majani ya mifugo, na mwaka 2005 msitu huo ukaingizwa katika hifadhi. Wakina mama waliozoea kuingia humo wakaambiwa wakae nje kwa ajili ya uhifadhi. Mama aliyekatazwa mzigo wa kuni kwa sababu msitu ni amana ya taifa ataelezwaje kwamba kampuni ya biashara imeruhusiwa kusimamisha vyuma katika msitu huohuo? Mimi sioni maelezo yatakayomtosha, na sidhani kama yapo.

Watetezi wa mradi husema utawafaa wazee na watu wenye ulemavu, na hoja hiyo naiheshimu. Lakini barabara ya Londorossi tayari huwezesha gari kufika uwanda wa Shira, na safari ya siku moja hadi Mandara ipo kwa wenye nguvu kiasi, kwa hiyo kinachohitajika ni kuziboresha huduma hizo na kuzitangaza. Kwa upande wa afya, kumtoa mtu Moshi, chini ya mita 1,000, na kumfikisha juu sana kwa muda mfupi kunamnyima kilekile ambacho siku ya ziada ya Horombo humpa.

Kwa jumla navipa vibanda vya Marangu alama nne kati ya tano, na alama iliyokosekana ni ya vyoo na msongamano, mambo yanayoweza kurekebishwa kwa sehemu ya ada ambayo wageni wanalipa tayari. Ukienda, chagua safari yenye siku ya ziada Horombo hata kama gharama inapanda, na uliza kabla ya kulipa kama wapagazi wanalipwa kwa wakati. Kuhusu magari ya nyaya, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inadai tathmini ya athari kabla ya mradi wa namna hiyo, na mlima huu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 1987. Tathmini hiyo ichapishwe yote kwa Kiswahili na isomwe katika mikutano ya vijiji vinavyopakana na msitu kabla kibali chochote hakijatiwa saini.