TAHADHARI kwa wapika keki wa Lubumbashi: mashine za kupiga mayai za volti 120

Wamama wa keki, dada zangu, na ninyi vijana mnaoanza kazi hii: kuna muuzaji anayepita kwenye magrupu ya WhatsApp ya hapa Lubumbashi na picha za mashine za kupiga mayai, zile kubwa za kusimama zenye bakuli la chuma. Anasema zimetoka Marekani, ni ngumu, na bei yake iko chini ya ile ya soko Mzee. Msimtumie pesa. Ameshaumiza watu Katuba na Bel-Air, na sasa komunyo na arusi zinakaribia, kila mtu anatafuta mashine haraka.

Marekani umeme wa nyumbani ni volti 120. Huu wetu wa SNEL, shirika la umeme la Kongo, ni 220. Mashine ya 120 ukiichomeka moja kwa moja hapa, mota inapigwa na umeme karibu mara mbili ya ule iliotengenezewa. Inakimbia kwa kishindo, unafurahi ukidhani ina nguvu, kisha inaanza harufu ya koili zinazoungua, moshi unatoka kichwani, basi imekwisha. Huyu mtu anajua hilo vizuri. Plagi ya Kimarekani, ile ya vyuma viwili bapa, ameikata na kufunga ya pini mbili za mviringo kama zetu. Nimeishika mashine aliyouziwa dada mmoja wa Katuba: karibu na plagi waya umeungwa na kuzungushiwa utepe mweusi, na chini, kwenye kibati cha maandishi, namba ya volti imekwaruzwa na kisu. Alisahau kukwaruza "60 Hz", yaani kasi ya mapigo ya umeme wa Marekani. Umeme wetu ni 50 Hz. Mashine iliyotengenezwa kwa nchi kama yetu huandikwa 220–240 V, na mbele yake 50 Hz au 50/60 Hz.

Mtauliza, mbona ilizunguka vizuri alipoionyesha? Kwa sababu chini ya meza, ndani ya kitambaa, kulikuwa na transfoma ya kushusha umeme. Mteja anaondoka na mashine, transfoma inabaki kwake. Angeiuza pamoja na transfoma yenye wati za kutosha na kusema ukweli, hakuna ambaye angelalamika, maana mashine hizo za Marekani zenyewe si mbaya. Ubaya ni uongo.

Ana aina ya pili pia, katoni mpya iliyofungwa, imeandikwa 1500 W kwa herufi kubwa. Geuza mashine usome kibati chake, utakuta wati chache mno kuliko za katoni. Hizo hazifi siku ya kwanza. Zinazunguka, lakini waya za kupigia haziufikii mwisho wa bakuli, kwa hiyo juu kuna povu na chini weupe wa mayai umelala kama maji. Mashine nzuri, kipigio chake kinajizungusha chenyewe na wakati huohuo kinazunguka bakuli lote, kikipita karibu kabisa na chuma bila kukikwaruza. Nyingine zake zinadondosha grisi nyeusi kutoka kwenye shingo, tone kwa tone, ndani ya mayai ya mteja wako. Zaidi ya uchafu, mafuta yanaua povu: protini ya weupe wa yai ndiyo inayofunguka na kushika hewa, na mafuta yanaizuia isishikane.

Ukimrudia, majibu yake ni yaleyale. Mayai yako yalikuwa ya baridi. Kiini kiliingia. SNEL wamekuunguzia. Garanti haihusu mota. Ni kweli kiini kidogo au bakuli lenye mafuta huharibu povu, na ndiyo maana majibu hayo yanawanyamazisha watu. Lakini hakuna yai la baridi linalotoa moshi kwenye mota.

Kwa hiyo, kwa muuzaji yeyote, si huyu tu, nenda na mayai yako. Manne yanatosha. Nenda saa yenye umeme. Akikwambia kuna delestaji (umeme umekatwa kwa zamu), utaona nyumbani, ondoka. Bakuli tupu halionyeshi chochote, kila mashine inazunguka ikiwa tupu. Osha bakuli hapohapo, likauke, tenga weupe bila hata chembe ya kiini, kisha yeye mwenyewe aiwashe. Fuata waya kwa mkono kutoka kwenye mashine hadi ukutani, uone hakuna kitu katikati. Ndani ya dakika chache weupe unapaswa kusimama, ukiinua kipigio ncha ibaki juu, na chini ya bakuli pasiwe na maji. Kisha weka sukari kidogo kidogo na uiache iendelee, huku umeweka kiganja juu ya mota. Joto la kawaida lipo. Likikuchoma, au ukisikia harufu, chukua mayai yako uende. Na ile uliyoijaribu ndiyo uibebe, usikubali kupewa katoni nyingine "mpya zaidi" kutoka nyuma.

Waliokwisha kulipa nusu na kusubiri mzigo "uliokwama Kasumbalesa", kule mpakani: msiongeze hata franka moja. Hifadhini ujumbe wa malipo wa simu, mazungumzo yote, picha ya kibati na ya plagi iliyoungwa. Mashine isifunguliwe na fundi kabla hamjapiga picha, la sivyo atasema fundi ndiye aliyeiharibu. Yule dada wa Katuba na wengine wanajikusanya waende kulalamika pamoja. Aliyeuziwa aniandikie faraghani nimuunganishe nao.