TAHADHARI: Hadi diski "mpya, isiyo na kelele" ya Kariakoo. Nimepigwa

Wakuu, kama kompyuta yako ya mezani inanguruma, soma hapa kabla hujaipeleka Kariakoo. Mimi imeshanitoka elfu tisini na tano.

Nina steshenari ndogo Sinza. CPU, yaani boksi lenyewe la kompyuta, ilianza kuvuma hadi wateja wakawa wanauliza kama nyuma kuna mashine ya kusaga. Nikaipakata kwenye bajaji, nikaenda. Sijatembea hatua ishirini, winga kashanidaka: "Bosi, kompyuta? Twende kwa fundi wangu."

Fundi, huko ghorofani, akaweka sikio kwenye CPU kama daktari, akatikisa kichwa. "Hadi diski inakata roho hii. Ikizima leo umepoteza kila kitu." Hapo ndipo aliponipata, maana hadi diski ndiyo inayotunza mafaili yote. Akatoa "mpya" ya TB 1, bado iko kwenye nailoni: elfu themanini, na ufundi elfu kumi na tano. Akahamisha mafaili, akawasha, kimya! Nikalipa kwenye namba yenye jina la mtu, si la duka. Risiti ya EFD? "Stika hii ndiyo waranti yako, bosi." Na mimi, mtu mzima, nikaondoka na stika.

Wiki ya pili mashine ikaanza kuganda kila ikifika mchana. Nikaweka CrystalDiskInfo, programu ya bure inayosoma afya ya diski. Diski yangu "mpya" ilikuwa imeshawaka saa 31,200, yaani zaidi ya miaka mitatu na nusu usiku na mchana. Joto, nyuzi 58, wakati diski nyingi kikomo chake ni 60. Nikafungua ubavu wa CPU. Sponji la godoro limesokomezwa kuizunguka diski yote, hata upepo wa feni haupiti. Kumbe ukimya nilionunua ulikuwa godoro.

Nikalitoa. Mngurumo ukarudi uleule, na diski ni nyingine! Ndipo nilipoanza kuangalia kwa makini: inashikiliwa na skrubu mbili badala ya nne, na kizimba chake cha bati kimelegea. Diski inazunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Mtetemo huo ukiingia kwenye bati, boksi zima linakuwa ngoma. Nikazima umeme, nikakata vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli, nikaviweka kati ya diski na bati, nikakaza skrubu zote nne bila kuzikamua. Chini ya CPU nikaweka kipande cha kapeti. Sasa lazima uinamishe kichwa ndipo uisikie. Gharama haikufika elfu tatu.

Kwa hiyo kuvuma peke yake si ugonjwa wa diski. Mkwaruzo mdogo unapofungua mafaili nao ni kawaida. Ukisikia "tak, tak, tak" inayojirudia, hapo usibishane na mtu, hamisha vitu vyako saa hiyohiyo. Na akitokea fundi anayetaka kuifungua diski aipake oili, chukua mashine yako uondoke.

Ukinunua, diski ichomekwe mbele yako na usome kwenye programu hiyo saa ilizowaka na mstari wa 05, sekta zilizobadilishwa, yaani sehemu za diski zilizoharibika, kabla hujatoa hela. Ila saa zikisoma sifuri usishangilie: mwaka 2025 huko Ujerumani diski za Seagate zilizokwishatumika zilikutwa zinauzwa kama mpya, saa zimefutwa. Mtumba si dhambi, mradi uuziwe kwa bei ya mtumba.

Nilirudi. Winga hanijui. Fundi akasema stika imechubuka, waranti imekufa. Hela nimeisamehe. Kinachoninyima usingizi ni diski yangu ya zamani, niliyomwachia kwa vile aliniambia ni chuma chakavu. Nilipoidai akajibu, bila hata kuona haya, kwamba kashaiuza. Ndani yake kuna vyeti vya kuzaliwa na vitambulisho vya NIDA vya wateja nilivyoskani tangu nifungue duka, na sikufuta hata kimoja.